Uzoefu wangu katika mkahawa wa pasta mbichi mjini Malindi

Nimekula katika mkahawa huu mdogo ulio kando ya Barabara ya Lamu nikiwa peke yangu wakati wa mchana, na pia nikiwa na familia jioni za wikendi. Jambo linalostahili kutangulizwa ni kwamba hapa pasta haitumbukizwi majini mpaka mteja awe ameagiza, na ikishaiva huletwa mezani papo hapo, hata kama sahani za wenzako bado ziko jikoni. Nimewasikia wateja wakilalamika kuwa baba amekwisha kula ilhali mtoto bado anasubiri. Nawaelewa, kwa maana sisi tumezoea kula pamoja, lakini baada ya kuonja tofauti iliyopo nimeamua kuwa wapishi ndio wenye haki.

Pasta mbichi ya mayai huiva kwa dakika mbili au tatu tu, kwa sababu bado ina unyevu wa yai ndani yake, tofauti na ile kavu ya dukani ambayo hutengenezwa kwa ngano ngumu na maji, kisha hukaushwa. Ulaini huo ndio utamu wake, na ndio udhaifu wake pia. Ikikaa sahanini kwa muda mfupi tu huendelea kunywa mchuzi, wanga hukaza, nyuzi hushikana, na kilichokuwa chepesi huwa kizito mdomoni. Hapa mpishi huitoa chunguni ikiwa haijamaliza kuiva, akaitia katika kikaango chenye mchuzi pamoja na upawa wa maji yale yale iliyochemkia, na wanga uliomo katika maji hayo ndio unaoyafanya mafuta na nyanya vishikamane na pasta badala ya kutuama chini ya sahani. Nimeketi karibu na kaunta nikaitazama kazi hiyo kwa makini, wala sikuona sahani hata moja iliyoachwa kusubiri.

Unga hukandwa mbele ya wateja asubuhi, na wanaoukanda ni akina mama wa hapa hapa Malindi. Hilo halitamshangaza anayeujua mji huu, kwa kuwa Waitaliano wamekuwa wakiishi na kufanya biashara hapa tangu miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipoanzisha kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na vijana wengi wa mjini wamekua wakiifahamu lugha yao na mapishi yao. Nilimuuliza mmoja wa akina mama hao kuhusu kipimo, akanieleza kuwa ni yai moja kwa gramu 100 za unga, ila wakati wa mvua huongeza unga kidogo kwa sababu hewa ya pwani ina unyevunyevu na kinyunya hukataa kukatika vizuri. Kisha hukipumzisha kwa muda wa kama nusu saa kabla ya kukisukuma, sawa na tunavyofanya kwa chapati. Mayai wanayotumia ni ya kuku wa kienyeji. Kiini chake kina rangi iliyoiva, nayo pasta hutoka ya manjano bila kutiwa rangi yoyote.

Chakula ninachokipendekeza bila kusita ni tagliatelle, yaani pasta ya nyuzi bapa, za kaa. Kaa ni wa mikokoni, kutoka upande wa hori la Mida, na mchuzi wake ni mchache: kitunguu saumu, nyanya kidogo, pilipili kavu na mafuta ya zeituni, ili ladha ya kaa mwenyewe isifunikwe. Nyama yake ilikuwa imechambuliwa kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba sikukutana na kipande cha gamba hata kimoja. Nilipoomba jibini la kunyunyiza juu, kijana aliyetuhudumia alinijibu kwa upole, "Mama, kwa vyakula vya baharini huwa hatulileti kwa sababu linaua ladha ya kaa, lakini ukilitaka nitakuletea sasa hivi." Nilikula bila jibini, nikakubaliana naye. Mhudumu anayekijua chakula anachokileta, na anayeweza kukushauri bila kukudharau, ni wa kushukuriwa.

Ravioli, yaani vifuko vya pasta, za mchicha na jibini laini la ricotta zinanipa shaka. Kitoweo cha ndani ni kizuri, kina harufu ya kungumanga na hakina maji, lakini kingo zake, mahali ambapo karatasi mbili za pasta hukutana, zilikuwa nene na ngumu hata katikati ilipokuwa imeiva barabara. Dawa yake ni kusukuma unga uwe mwembamba zaidi, na kwa mikono niliyoiona pale kazini sidhani kama ni jambo la kuwashinda. Kwa upande wa pasta ya jibini la kondoo na pilipili manga, chakula kinachoonekana rahisi kuliko vyote lakini kinachohitaji mkono mtulivu, kwa kuwa jibini likikutana na moto mkali huganda mabonge, wakati mmoja niliipata ikiwa na mabonge hayo hayo. Niliirudisha. Hakuna aliyebishana nami, na sahani ya pili ilikuja ikiwa na mchuzi laini kama inavyotakiwa.

Orodha ya vyakula vya baharini huandikwa ubaoni kwa chaki, nami naliheshimu sana jambo hilo. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wenye vyombo vidogo wasipoweza kwenda mbali, ngisi na kamba hufutwa ubaoni kuliko kuuzwa wakiwa wamekaa kwenye barafu siku nyingi. Mteja aliyesafiri kutoka Nairobi kwa hamu ya kamba huenda akavunjika moyo, lakini ni afadhali aambiwe ukweli kabla ya kuketi.

Lalamiko langu kubwa linahusu kadi ya vyakula, na nalitoa kwa uzito wake. Malindi ni mji wenye Waislamu wengi, na kati ya wateja wa mkahawa huu wamo pia Wahindi wasiokula nyama kabisa. Pasta za carbonara na amatriciana kwa asili yake hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na michuzi kadhaa ya vyakula vya baharini huzimuliwa kwa mvinyo mweupe, lakini hakuna chochote kwenye kadi kinachomwonya msomaji. Nilipouliza, mhudumu alikwenda jikoni akarudi na majibu kamili: nyama ya nguruwe ina kikaango chake peke yake, na mchuzi wa kaa unaweza kupikwa bila mvinyo ukiomba mapema. Majibu hayo yaliniridhisha, ila si kila mtu atauliza, na mgeni mwenye haya anaweza kula kitu ambacho angekikataa kama angekijua. Vivyo hivyo kwa jibini la Parmigiano Reggiano, ambalo hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la ndama. Kuliweka juu ya sahani iliyoandikwa kuwa haina nyama si haki kwa mtu anayeishika imani yake. Alama ndogo pembeni ya jina la kila chakula zingelimaliza suala hili, na nimemwomba msimamizi alishughulikie.

Kuhusu bei, nilipokwenda mara ya mwisho sahani nyingi zilikuwa kati ya shilingi 900 na 1,600, ile ya kaa ikiwa ghali kuliko zote. Kipimo si kikubwa, lakini kinamtosha mtu mzima asiyetafuta kushiba kupita kiasi, na watoto hupewa nusu sahani kwa nusu bei bila masharti. Malipo kwa M-Pesa hayana tatizo. Desemba na Agosti, watalii wanapojaa, kusubiri meza kunaweza kuchosha, kwa hiyo wenye watoto wadogo waende mapema, kabla ya saa moja jioni, na waombe chakula cha watoto kitangulie kupikwa.

Singemshauri mtu yeyote aagize chakula kilichopikwa kupelekewa nyumbani, kwa sababu zile zile nilizozieleza juu ya pasta inayosubiri. Badala yake, mkahawa unauza pasta ambayo haijapikwa kwa uzito, ikiwa imenyunyiziwa unga na kufungwa kwenye karatasi. Inunuliwe mchana, iwekwe kwenye friji na ipikwe jioni ile ile, katika sufuria kubwa yenye maji mengi yaliyotiwa chumvi, na mchuzi uwe tayari kabla pasta haijaingia majini.