Chandarua cha Kukunja cha Mtoto Mchanga: Kizuri Mchana, Hakitoshi Usiku

Katika maduka ya vifaa vya watoto ya Kariakoo, hasa kandokando ya Mtaa wa Kongo, ni vigumu kupita bila kukiona chandarua kidogo cha kukunja chenye umbo la hema, kilichoshonewa waya mwembamba pembeni, zipu ubavuni, godoro jembamba chini na mto mdogo uliochorwa wanyama. Ukikifungua, waya hujinyoosha na chandarua husimama chenyewe bila kamba wala msumari. Ukikikunja, huingia katika mfuko wa kubeba mkononi. Wauzaji wengi hukinadi kwa ahadi moja, nami niliambiwa hivyo hivyo nilipokwenda kununua nikiwa na mimba ya miezi minane: "Dada, humu mtoto analala mpaka asubuhi." Nimekitumia kwa binti yangu tangu alipozaliwa hadi alipoanza kukaa, nyumbani kwetu Dar es Salaam na kwa bibi yake Tanga, na tathmini hii inahusu zaidi ahadi hiyo kuliko rangi au urembo wa bidhaa yenyewe, kwa sababu mzazi asiyelala huwa tayari kununua chochote anachoambiwa kitamletea usingizi. Changu, cha ukubwa wa kati, kiliuzwa shilingi 35,000. Vipo vya bei ya chini visivyo na godoro, na vipo vya bei ya juu vyenye kisanduku cha muziki.

Nianze na pale ambapo bidhaa hii inastahili sifa bila kusitasita, nako ni mchana. Mtoto mchanga hulala sehemu kubwa ya mchana, mara nyingi mahali ambapo mama anaendelea na shughuli zake: barazani, sebuleni, chini ya mwembe, au kwenye mkeka jikoni. Mahali kama hapo huwezi kutundika chandarua kikubwa, na nzi hawamwachi mtoto mwenye harufu ya maziwa mdomoni. Chandarua cha kukunja hutatua tatizo hilo kwa ukamilifu. Unakiweka juu ya mkeka, unamlaza mtoto, unafunga zipu, na unaweza kumwona kutoka pande zote huku ukichambua mboga. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ipo sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, ambayo ililipuka jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, yaani wakati ambapo chandarua cha kitandani kimefungwa fundo juu na hakuna anayekifikiria. Kwa matumizi haya peke yake ningekinunua tena, na tulipokuwa Tanga, katika nyumba iliyojaa ndugu na watoto wengine wanaotaka kumgusa mgeni wao kila dakika, kilituheshimisha sana kwa kumpa mtoto mahali pake.

Usiku mambo ni tofauti, na ili kueleza tofauti hiyo ni lazima kusema wazi jinsi mtoto mchanga anavyolala. Katika majuma ya mwanzo hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku nzima, lakini usingizi huo huja vipande vipande, kwa kuwa tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na mwili wake bado haujajifunza kutofautisha usiku na mchana, jambo ambalo kwa kawaida huanza kujitokeza karibu na mwezi wa pili au wa tatu. Mtoto anayeamka kila baada ya saa mbili au tatu akitafuta ziwa hana kasoro, wala mama yake hana maziwa mepesi kama anavyoweza kuambiwa na majirani. Kunyonya usiku kunamnufaisha hata mama mwenyewe, kwa kuwa homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, hupanda zaidi nyakati za usiku. Kwa hiyo hakuna kitambaa, waya wala muziki unaoweza kumlaza mtoto wa mwezi mmoja kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, na muuzaji anayeahidi hivyo anaahidi jambo ambalo maumbile ya mtoto hayaliruhusu. Kinachowezekana ni kupunguza yale mengine yanayomwamsha pasipo sababu, kama vile kuumwa na mbu, joto, kelele na mwanga.

Sasa tazama kinachotokea saa nane za usiku. Mtoto yumo ndani ya chandarua chake kidogo, na mama yuko nje yake. Mtoto anaanza kuhangaika na kutafuta, bado hajalia; mama aliye karibu naye angempa ziwa wakati huo huo na wote wawili wangerudi kulala bila kuamka sawasawa. Lakini hapa ni lazima atafute zipu gizani, aivute, nayo ina mlio mkali kwa masikio yaliyo usingizini, kisha amtoe mtoto, amnyonyeshe, ambeulishe, amrudishe, na afunge tena. Mpaka zipu ifunguke, mtoto amekwisha kulia. Mpaka irudi kufungwa, mara nyingi mbu amekwisha kuingia, na mbu aliyefungiwa pamoja na mtoto katika nafasi finyu kama ile atamuuma mpaka ashibe. Mama akichoka, ataiacha zipu wazi, na hapo chandarua kinabaki kuwa pambo tu. Nimezungumza na mama wengi waliokinunua, na karibu wote walisema kwamba usiku waliishia kumchukua mtoto na kulala naye chini ya chandarua kikubwa cha kitanda.

Walifanya vyema, na si kwa sababu ya urahisi pekee. Vyandarua vingi vya kukunja vinavyouzwa madukani havina dawa. Wanunuzi wengi hawalijui jambo hili, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote katika tathmini hii. Chandarua kisicho na dawa kinazuia mbu kwa kitambaa tu. Mkono au mguu wa mtoto ukigusa kitambaa hicho, mbu huweza kumuuma akiwa nje, na katika hema dogo kama hili mtoto hugusa kuta mara kwa mara. Chandarua chenye dawa humfukuza au humuua mbu anayetua juu yake, na mbu wa Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma zaidi kuanzia usiku mwingi hadi karibu na mapambazuko. Nchi yetu ina ushahidi wake yenyewe kuhusu jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walifuatilia mradi wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyojulikana kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kulala ndani ya vyandarua hivyo kulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Ndiyo maana serikali ilianza kuwapa wajawazito Hati Punguzo, yaani vocha ya kununulia chandarua kwa bei ya chini, mwaka 2004, na ndiyo maana leo mjamzito hupewa chandarua chenye dawa anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto hupewa chake anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Inanisikitisha kuona nyumba ambamo chandarua hicho cha bure kimehifadhiwa kabatini kwa kuwa ni kipana na hakina urembo, huku mtoto akilazwa ndani ya kile kilichonunuliwa kwa fedha nyingi.

Godoro na mto vinavyokuja pamoja nacho vinahitaji kusemwa peke yake. Mtoto mchanga hahitaji mto. Shingo yake ni fupi, kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili, na uso wake ukigeukia kitu laini hana nguvu ya kujinasua. Ushauri wa wataalamu ni kumlaza chali, juu ya kitu kigumu na bapa, bila mto, bila wanasesere na bila mablanketi mazito karibu na uso. Nchini Marekani kampeni ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali ilianza mwaka 1994, na katika muongo uliofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Mto uliokuja na chandarua changu nilimpa binti wa dada yangu kwa ajili ya mwanasesere wake. Godoro nalo lilikuwa la sponji laini kiasi kwamba kiganja kilizama, basi nililitoa na badala yake nikatandika shuka ya pamba juu ya mkeka. Atakayenunua na alibonyeze godoro kabla ya kulipa. Likibonyea na kubaki na alama ya mkono, si la kumlazia mtoto.

Wengine hudhani kwamba waya unamkinga mtoto asilaliwe na watu wazima, hivyo hukiweka chandarua hiki katikati ya kitanda, kati ya baba na mama. Waya huo ni mwembamba mno. Umetengenezwa kubeba uzito wa neti, na mtu mzima akigeuka usingizini utapinda na kumfuata mtoto ndani. Mahali pake ni sakafuni penye mkeka, au katika kitanda cha mtoto chenye kingo.

Kuhusu joto, anayeishi pwani ajiandae. Matundu ya neti hizi ni madogo sana na kitambaa chake ni cha nailoni au poliesta, kwa hiyo upepo wa feni hupenya kwa shida. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, binti yangu alikuwa akitoka humo akiwa na jasho mgongoni na harara shingoni hata mchana, na mtoto mwenye harara halali kwa utulivu usiku. Kumvalisha nepi peke yake na fulana nyepesi kulisaidia, na kuondoa lile godoro lenye ganda la plastiki kulisaidia zaidi. Kwa wakazi wa Arusha, Mbeya, Nairobi au Bukoba, ambako usiku ni wa baridi, nadhani kasoro hii haitawasumbua sana.

Kisanduku cha muziki sikipendekezi. Sauti zake ni kali, hukaa karibu mno na sikio la mtoto, na mtoto anayezoea kulala kwa wimbo atautaka kila anaposhtuka usingizini. Kilichotusaidia sisi kuanzia mwezi wa tatu hakikuuzwa dukani: mchana tulimweka penye mwanga na kuzungumza naye, usiku tulizima taa, tulinyamaza, hatukumbadilisha nepi isipokuwa amechafua, na tulimnyonyesha tukiwa tumelala ndani ya chandarua kimoja. Taratibu, vipande vya usingizi wake wa usiku vikaanza kurefuka.

Ubora wa ushonaji hutofautiana sana hata kwa vyandarua vinavyofanana kwa macho, kwa hiyo ni vyema kukifungua na kukikunja dukani mbele ya muuzaji. Pitisha kidole pembeni kote pale waya ulipoingizwa, kwa sababu ncha ya waya iliyotoboa kitambaa iko usawa wa jicho la mtoto. Hakikisha zipu inafunguka kutoka pande zote mbili na haina uzi unaoning'inia. Changu kilianza kufumuka kwenye kona ya zipu baada ya kufuliwa mara chache, na fundi cherehani wa mtaani alikishona kwa bei ndogo.

Mwisho wa matumizi yake huja mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Mtoto anapoanza kujigeuza, na wengi huanza karibu na mwezi wa nne au wa tano, atakuwa akizisukuma kuta kwa miguu, na anapoanza kujivuta na kukaa anaweza kukipindua chote au kujiviringisha katika neti. Nchini Marekani, mahema ya neti yaliyokuwa yakifunikwa juu ya vitanda vya watoto yaliondolewa sokoni kwa sababu ya hatari ya watoto kunaswa na kukabwa shingo, na ingawa bidhaa hizo zilikuwa za aina nyingine, hatari yenyewe ni ile ile. Mimi nilikiweka kando mara tu binti yangu alipoanza kukaa bila kushikwa.

Kwa hiyo, kwa wale wanaokwenda kumwona mzazi na kuuliza kama hii ni zawadi nzuri: ni nzuri, mradi mnunue kile kidogo kinachofunguka kama mwavuli, kisicho na godoro, ambacho huuzwa chini ya nusu ya bei niliyolipa mimi, na anayekipokea aambiwe kuwa ni cha mchana. Fedha inayobaki mnunulieni kamba, ndoano na misumari, na mmoja wenu apande juu ya kiti siku hiyo hiyo amtundikie kile chandarua chenye dawa alichopewa kliniki.