Maandalizi ya kuomba chuo na mkopo: kuyaanza ukiwa kidato cha tano au kungoja matokeo?

Anayengoja matokeo ya kidato cha sita ana hoja nzito: anachagua kozi akiwa na alama zake mkononi. Kwa udahili wenyewe hapotezi mengi, maana vyuo vyetu vya Tanzania hupokea maombi ya wahitimu hao mtandaoni baada ya matokeo kutoka.

Kasheshe ni mkopo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Cheti cha kuzaliwa kikisomeka "Mohamed" na cha kidato cha nne "Mohammed", ndipo safari za kwa wakili kuapa kiapo zinaanza, huku dirisha la maombi likikaribia kufungwa. Aliyejipanga mapema alishalimaliza hilo likizo ya Desemba, bila presha.

Tena anajua kwamba udaktari unadai fizikia, kemia na baiolojia. Mwenzake wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) akiutamani Julai, ndiyo basi tena.

Ningekuwa kidato cha tano leo, ningeanza na vyeti; orodha ya kozi ningeiacha hadi baada ya mtihani wa kidato cha sita wa Mei.