Printa ya ofisi nzima: igeuze uone nyuma kabla hujalipa

Mwaka juzi nilinunua printa ya leza Uhindini, hapa Mbeya, kwa ofisi yetu yenye kompyuta 14. Muuzaji alinihakikishia inafanya kazi kwa mtandao. Nilipoigeuza ofisini, nyuma kulikuwa na tundu la USB tu. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya masijala, wengine wakashea kupitia Windows. Dada wa masijala akizima mashine yake akaenda kula, ofisi nzima inasimama. Mwisho wa mwezi watu walipanga foleni pale na flashi mkononi.

Windows nayo ilikuwa imeshabana. Mwaka 2021, baada ya udhaifu wa kiusalama uitwao PrintNightmare kugundulika kwenye Windows, Microsoft ilifunga mlango: kuweka draiva (programu ya kuiendesha) ya printa ya kushea kukawa kunadai nywila ya msimamizi. Nilizunguka meza moja moja nikiiandika. Kompyuta nyingine ziligoma kabisa na kosa 0x0000011b.

Kwa hiyo kasi na umbo baadaye. Kwanza tafuta tundu la waya wa mtandao, lile linalofanana na la simu ya mezani ila pana zaidi. Likiwepo, printa inakaa yenyewe kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, haisubiri kompyuta ya mtu iwashwe. Kisha ipangie kwenye ruta anwani ya IP isiyobadilika, yaani namba yake kwenye mtandao. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa anwani nyingine, kompyuta zote zikabaki kuitafuta ilikokuwa jana.

Namba moja kwangu ni Kyocera ECOSYS P2040dn, na sifichi kwamba naipenda. Hiyo n ya mwisho ndiyo mtandao. D ni kuchapisha pande mbili. Inatoa kurasa 40 kwa dakika, tona yake (unga wa wino) ya TK-1160 inahesabiwa kurasa 7,200, na dramu, silinda inayohamishia unga huo kwenye karatasi, imetengenezwa ifike kurasa 100,000. Miaka yote hiyo unabadilisha tona tu.

Ya pili ni HP LaserJet Pro M404dn. Tundu lipo, ila inasoma chipu ya katriji. Tona ya bei nafuu uliyoizoea inaweza kukataliwa siku printa ikisasishwa.

Epson L3250 ya wino wa chupa ina Wi-Fi, tundu la waya wa mtandao haina. Ofisi ya watu wawili, sawa.

Kinachoniumiza ni wauzaji. Ukiomba boksi lifunguliwe unajibiwa, "Dada, ukifungua umenunua." Pesa ya ofisi, nami nisione tundu! Tona ndiyo usiseme: unaambiwa inatoka Dar, nauli ya basi inaongezwa kwenye bei, halafu unapewa katriji ya kujazwa ndani ya boksi jipya. Yangu niliijua kwa gia ya plastiki iliyokwaruzika na unga mweusi kwenye vidole. Siku hizi boksi linafunguliwa kaunta, naipapasa gia kwa karatasi nyeupe, ndipo nahesabu pesa. Asiyetaka, nahamia duka la jirani.