Love Island ya kwenye simu: uzoefu wangu, na kwa nini sirudi tena saluni ile ya Mwanga, hapa Kigoma

Naandika hii nikiwa na hasira bado, nawaambia mapema ili mtu asije akasema mbona dada umepaniki. Upande wa kulia wa kichwa changu una rasta, wa kushoto hauna, leo siku ya nne nimefunga kitambaa na nakaa nacho hivyo hivyo kibandani nahudumia watu. Chanzo ni gemu. Kwa hiyo hii ni riviu ya gemu ila itabidi mnivumilie, siwezi kuongelea gemu bila kuongelea saluni.

Gemu lenyewe ni Love Island The Game, la Fusebox wa Uingereza, lipo tangu 2018, na mimi naongelea msimu wa pili tu, ule wa 2019. Uzito wa apu na simu gani inafaa mtaangalia wenyewe. Limetokana na kile kipindi cha televisheni cha ITV2 kilichoanza 2015, wanachowafungia vijana kwenye jumba zuri kule Majorca, wanapangana kapo kapo, asiye na kapo anarudishwa kwao, na kapo inayoshinda inaondoka na pauni 50,000. Kwenye gemu wewe ndo mmoja wao. Unajipa jina, unachagua sura, unachagua nguo, halafu ni kusoma maongezi na kuchagua utajibu nini. Majibu mengine bure, mengine yanataka vito, ile sarafu ya gemu unayonunua kwa hela yako, na yale matamu matamu yote yanataka vito, hilo mlijue kabisa.

Mimi nina kibanda cha miamala, naweka na kutoa. Wanaokaa Kigoma wanajua, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazina kazi kukiwa na mbalamwezi, basi na hela mjini inakauka, unaweza kukaa toka asubuhi hadi saa nane umehudumia watu sita. Siku hizo ndo nilipoanza kucheza. Bando la usiku nashusha, mchana nacheza. Sikutegemea kunogewa, kwa kweli. Maandishi ya Kiingereza ila chepesi, cha watu wanaoongea, na kile kitendo cha mtu kupiga kelele amepata meseji halafu wote wanakusanyika kusikiliza, moyo ulikuwa unanidunda kama jina litakalosomwa ni la kwangu mwenyewe.

Sasa washiriki. Hapa ndo pana vita.

Kuna Bobby, wa Glasgow, anapenda kuoka keki, mcheshi, huyo anapendwa na nusu ya dunia. Kuna Gary anayeendesha kreni. Kuna Lottie, fundi wa mekapu kutoka Australia, huyo ndo amejiteua mlinzi wa sheria ya wadada, kwamba mwanaume wa mwenzio humgusi, na anakusimamia nayo mpaka unachoka. Lucas na Henrik wanaingia baadaye pamoja, Lucas ni mtu wa fiziotherapi, ana watu wake na mimi siwasemi vibaya, kila mtu na roho yake. Na kuna Noah.

Noah anafanya kazi maktaba. Mpole. Anaongea kidogo, akiongea anakuangalia. Mimi toka vipindi vya mwanzo nilishasema ni huyu, sitaki mwingine. Tatizo Noah yuko na Hope, na wanakuwa pamoja vipindi vingi mno, ufanye nini usifanye nini. Nimemfuata pembeni, nimelipia maongezi, nimevaa nguo ya vito, ananiangalia kwa yale macho, ananipa neno moja la kunitia moyo, halafu kesho yake namkuta kwa Hope tena. Nafasi ya kumpata kweli kweli inakuja mwishoni mwishoni huko, wengine walishakata tamaa wamekaa na Bobby wao.

Kwa hiyo waliocheza wamegawanyika. Wa Noah tunasema Hope anambana, anamwamulia kila kitu, yule kaka hana hata nafasi ya kupumua. Wasiompenda Noah wanasema ni mwanaume asiye na msimamo, na sisi tunaomtaka ni wezi. Hili la wizi lishikeni, ndo lililonimaliza.

Mimi ugomvi wa watu wa kwenye shindano sijauanza leo. Nyumbani kwetu mama na mama mdogo waliwahi kununiana enzi za Big Brother Africa ya kwanza, 2003, Mwisho Mwampamba wa Tanzania alipokuwa ndani. Mama alikuwa anasema kijana wetu anatuaibisha, mama mdogo anasema mwacheni mtoto acheze. Alivyoshika nafasi ya pili nyuma ya Cherise wa Zambia, mama mdogo alilia kabisa. Richard wa kwetu alivyoshinda 2007 wakashangilia wote, na Idris Sultan, wa kwetu pia, alivyobeba dola 300,000 mwaka 2014 tulipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani ameolewa. Ila hata walivyokuwa wananuniana, mama hajawahi kumtolea mama mdogo siri ya maisha yake kisa Mwisho. Hajawahi.

Haya, saluni.

Huyu msusi amenisuka miaka, toka kile chumba chake hakina hata kioo kikubwa. Ananiita mdogo wangu, mimi namwita dada. Mkono wake mwepesi, rasta ndogo anasuka na kichwa hakiumi, unalala siku hiyo hiyo. Ni mimi niliyemwingiza kwenye gemu, nilimwekea kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka kona, nikamwonyesha vito vinapatikanaje. Yeye akamwangukia Bobby. Sawa. Tulikuwa tunacheka, ananisuka huku simu zote mbili ziko mapajani kwangu, namsomea anachagua.

Siku hiyo, juzi kati hapo, saluni ilikuwa imejaa kidogo. Kulikuwa na mama mmoja wa Ujiji amekaa anasubiri kuchovywa nywele kwenye maji ya moto, binti wawili siwajui, na kaka muuza mihogo kasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimefika kipindi ambacho Noah ananipa dalili kabisa, nikafurahi nikasema kwa sauti, jamani huyu sasa ni wangu. Basi msusi akaanza. Mara oh Noah gani yule, mwanaume bubu. Nikamjibu bora bubu kuliko Bobby wako kila kitu mzaha. Ni utani tu, tushataniana hivyo mara mia. Mama wa Ujiji akauliza kwani huyo Noah hana mtu? Msusi akasema anaye, anaitwa Hope, ila huyu hapa anamtaka hivyo hivyo.

Halafu akasema, naandika neno kwa neno kwa sababu halinitoki: "Si ajabu kumpenda Noah, wewe si ndo zako hizo. Umesahau uliyonisimulia ya yule baba wa Katubuka?"

Chanuo bado liko kichwani kwangu, lile la mkia, kalichomeka kwenye mstari anaoenda kuugawa. Nililisikia lile chanuo kuliko ninavyolisikia jino linaloniuma. Binti mmoja akacheka. Mama wa Ujiji akanigeukia akaniangalia toka kichwani hadi kwenye kandambili.

Yule baba wa Katubuka nilimsimulia yeye peke yake. Sikumwambia mama, sikumwambia mdogo wangu. Nilimsimulia kwenye kiti kile kile, usiku umeme umekatika ananimalizia kwa tochi ya simu, nikalia, akanipa khanga yake nijifute. Mwanaume aliniambia ameachana na mkewe, miezi nane naamini hivyo, kumbe hajaachana na mtu, ni mpole tu anakaa kimya, mke akiongea anakaa kimya, mimi nikiongea anakaa kimya. Siku mke alipokuja kibandani kunitukana mbele ya wateja yeye alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye pikipiki, ameinamia simu. Hayo ndo niliyomsimulia msusi. Na hayo ndo aliyoyatoa hadharani kwa sababu ya Bobby.

Nikasimama. Nikamwambia dada, nitoe chanuo. Akasema wewe kaa acha mambo yako, ni gemu tu. Siku zote mdogo wangu, siku hiyo "wewe". Nikalitoa mwenyewe, nikaliweka mezani, nikafunga kitambaa. Nilikuwa nimeshamlipa elfu kumi na tano ya kuanzia kati ya elfu ishirini na tano, sikuidai na hajairudisha mpaka naandika hapa.

Nilifika nyumbani nikalifuta gemu. Ndo nilikuja kuandika riviu ya nyota moja nikiwa nimeiva kabisa, nilitaka niseme waandishi wa hii hadithi wanatuchonganisha makusudi, wanakuwekea mwanaume unayempenda halafu wanakunyima mpaka ubaki unamvizia kwenye kapo ya mwenzio, ukimchukua unaitwa mwizi, usipomchukua umepoteza vito. Na bado nasema hivyo. Hakuna mtu aliyeniuliza toka mwanzo nataka kuwa wa pili. Mimi nilimpenda mtu tu, hadithi ndo ilimpa Hope kabla.

Ila nimekaa na hili jambo siku nne, kitambaa kichwani, na nikalirudisha gemu, nikalicheza tena kwa kusoma polepole, siruki. Na kuna kitu nilikuwa sikioni. Hope anavyopandisha sauti, na Lottie anavyonifokea na sheria zake, na mimi ninavyochagua majibu ya kujitetea, tunaogombana wote ni wanawake. Noah yuko pembeni ya bwawa. Kanyamaza. Na gemu linamchora mzuri kwa huko kunyamaza, mimi nikauona upole, nikaulipia. Wanaosema hana msimamo nimewabishia toka nianze kucheza, nimewabishia kwa maneno makali, na nakiri wana haki. Lakini na wao wanakosea wakimfanya Hope malaika na sisi wengine wezi, kwa sababu neno moja la huyo kaka lingemaliza ugomvi kipindi cha tano na halikusemwa.

Sasa sijui nyota ngapi. Kama ni hadithi, nzuri, imenishika kuliko tamthilia yoyote niliyowahi kufuatilia, inakuacha unawajua hawa watu kama wa mtaani kwako, Gary ningemtambua hata akishuka stesheni ya treni hapa. Kuhusu vito, ni wizi mtupu, mtu wa kipato changu utajikuta umeomba ufunguliwe maongezi ya dakika mbili kwa hela ya samaki wa mgebuka wa kushibisha nyumba nzima. Nilisema nyota moja, halafu tatu, asubuhi nikaandika nne, saa hizi nikikumbuka yule binti anavyocheka narudi mbili. Lakini binti hakucheka gemu, alinicheka mimi, na aliyempa cha kucheka ni mtu niliyemwita dada. Hilo siwezi kumdai mtu wa London. Basi iwe nne, ila nne ya manung'uniko.

Msusi hajanipigia. Amepita mbele ya kibanda mara mbili, mara ya pili alipunguza mwendo kama anataka kusema kitu, kulikuwa na mteja wa Kibirizi anahesabu noti zinazonuka dagaa, nikajifanya nahesabu naye. Mtu wa kuniambia msamehe ni gemu tu asinipigie. Kama ni gemu tu, kwa nini alitafuta kisu kwenye maisha yangu? Angesema Noah mbaya wa sura. Angesema nguo yangu ya vito imenikaa vibaya. Kulikuwa na matusi mengi ya bure pale.

Mnaotaka kucheza, chezeni, msimu wa pili ndo wa kuanzia. Mkifika Casa Amor, pale wanapowatenganisha wavulana na wasichana na kuwaletea watu wapya, shikeni vito vyenu, msivimalize mapema kama mimi. Ukimtaka Noah jiandae kusubiri. Na usicheze na mtu anayejua mambo yako.

Mimi nimebakiza vipindi viwili. Noah ameshamwacha Hope, yuko na mimi, vito vimebaki vichache. Hivyo vipindi viwili sijavifungua. Jumamosi mdogo wangu anatoka bweni, nimemwomba anifumue hizi za kulia.