Momigami: jalada zuri, kurasa mbaya

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani kuna karatasi. Najua kuna atakayecheka, "hata karatasi nayo inachambuliwa?" Hii inachambuliwa, maana bei yake inakaribia ya ngozi. Ni momigami, karatasi ya Kijapani iliyokandwa kwa mikono. Wauzaji wa mtandaoni wanainadi kwamba unaweza kutengeneza daftari zima kwayo, jalada hadi kurasa. Nakupa jibu langu mapema, usije ukanilaumu kwa kukuchelewesha: kwa jalada, nunua. Kwa kurasa, weka hela yako mfukoni.

Tuishike kwanza. Sikilizeni nikiibana... mnasikia? Hakuna ule mchakacho wa karatasi. Iko kimya, laini kama ngozi ya mbuzi iliyosuguliwa ikasuguka. Naifumbata yote kiganjani, naifungua, haijachanika hata kidogo.

Uimara huo unaanzia kwenye mti. Wajapani wanachukua gome la ndani la mti uitwao kozo, ndugu wa mforsadi. Nyuzi zake zina urefu wa karibu milimita 10, na za msonobari wa karatasi zetu za kawaida ni kama 3 tu. Kwenye maji yenye nyuzi hizo, wanamochotea karatasi, wanatia ute wa mzizi wa tororo-aoi, mmea wa jamii ya bamia, na aliyewahi kupika bamia hana haja ya kuelezwa ute huo ukoje. Ute unazifanya nyuzi zielee, zisizame wala zisifanye mabonge.

Wenzangu wa Uganda, hapa naona mnatabasamu. Mutuba wenu, ule wa nguo za magome za Baganda, ni wa familia moja na kozo. Na kozo wenyewe umeshaota msitu wa Mabira mpaka unahesabiwa kuwa mmea vamizi!

Sasa kukanda. Karatasi ikishakauka inapakwa rojo la konnyaku, kile kiazi ambacho Wajapani wanakila. Inapakwa pande zote mbili, inakandwa, inakunjuliwa, inakandwa tena. Rojo linaingia katikati ya nyuzi, ndiyo maana karatasi ikiloa hailegei upesi. Wanaotaka istahimili maji zaidi huichovya kwenye maji ya chokaa, na rojo linaganda lisiyeyuke tena.

Karatasi za namna hii zimeshonewa nguo, zinaitwa kamiko. Mji wa Shiroishi, mkoa wa Miyagi, umepata jina kwa kazi hiyo, na watawa wa hekalu la Todai-ji kule Nara bado wanavaa kamiko kwenye ibada ya Shuni-e, inayofanyika tangu mwaka 752. Kuna na matumizi mengine ambayo muuzaji hatakutajia. Mwaka 1944 na 1945 jeshi la Japani lilirusha maputo zaidi ya 9,000 yenye mabomu, yasukumwe na upepo hadi Amerika Kaskazini. Mengi yalikuwa ya karatasi ya kozo iliyounganishwa kwa rojo hilohilo la konnyaku. Karatasi iliyovuka Pasifiki haitashindwa kuvuka Kariakoo ndani ya begi lako.

Haya, tuiandikie. Nachukua kalamu ya wino... tazameni kwa karibu. Kila ikifika kwenye mkunjo inaruka, mstari unakatika. Ya bolpeni inazama kwenye mabonde. Penseli inagusa vilele tu, na ukifuta, ufutio unaondoka na nyuzi. Kisha karatasi hizi hazilaliani: kurasa chache tu na daftari limevimba. Kwa ndani tumia karatasi ya kawaida ya gramu 80, au kama unaandika kwa brashi, kozo tambarare isiyokandwa.

Kwenye jalada ndipo inapong'ara, hasa jalada laini lisilo na kadibodi. Mimi nabandika karatasi nyembamba kwa nyuma, nakunja kingo sentimeta mbili kila upande, naweka kurasa zilizokunjwa katikati, natoboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msharasi, nashona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Uzi wa fundi viatu nao unafaa. Ukiukaza, tundu halipasuki, na daftari linafunguka likalala bapa. Ule mshono maarufu wa Kijapani wa matundu manne pembeni, yotsume toji, ni mzuri kwa macho, lakini daftari halilali, lazima ulishikilie kwa mkono mwingine. Kwa albamu sawa. Kwa mwanafunzi, usumbufu.

Gundi: Wajapani wanatumia ya wanga wa ngano. Kwa sisi wa pwani, kwa joto hili na unyevu huu, wanga ni karamu ya mende na ukungu. Nunua gundi nyeupe ya seremala, paka nyembamba. Usiivute karatasi unapobandika, maana mikunjo inafunguka, na ndiyo uliyolipia. Wala usiikandamize kwa matofali usiku kucha. Kitabu kimoja juu yake kinatosha.

Kasoro zipo. Zile za rangi nzito, nyekundu na buluu hasa, nyingine zinaachia rangi mkono ukitoka jasho. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla hujakata. Kona nazo huota manyoya baada ya muda. Mimi hayanikeri, ila kama unapenda kitu kinyoofu, bora ngozi.

Halafu kuna feki, karatasi ya kawaida iliyochapishwa picha ya mikunjo. Chana kidogo pembeni: halisi inaacha vinywele virefu, feki inakatika laini. Zinazotoka Thailand usiziite feki. Ni za mti uleule, kule wanaiita saa. Ila uliza kama zimepakwa konnyaku.

Ukiona bei kubwa, nunua kozo au saa tambarare uikande mwenyewe. Kijiko cha chai kimoja cha unga wa konnyaku kwa vikombe viwili vya maji baridi, koroga mpaka uwe mzito, uache utulie, paka, kanda. Bila konnyaku utapata ulaini, lakini nguvu ikiloa hutaipata.

Hii niliyoshika ni ya sentimeta 54 kwa 78. Kwa daftari la A6, na zile kingo za sentimeta mbili, inatoa majalada 8. Gawa bei kwa 8 kwanza, ndipo useme ni ghali.