Jupyter ndani ya Django: chombo kizuri chenye kero moja

Kama mauzo ya maduka yako ya Kampala tayari yamo kwenye Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti), kuyachambua kwa Jupyter, daftari la kuandika na kuendesha msimbo kipande kwa kipande (seli), ni raha. Sakinisha django-extensions na notebook kwa pip (kisakinishi cha Python), ongeza 'django_extensions' kwenye INSTALLED_APPS ndani ya settings.py, kisha endesha python manage.py shell_plus --notebook. Chagua keneli (injini inayoendesha msimbo wa daftari) ya Django Shell-Plus. Modeli zote, yaani madarasa ya models.py yanayowakilisha majedwali ya data, zinajipakia zenyewe.

Kero huanza hapo. Tangu Django 3.0, amri kama Mauzo.objects.count(), ya kuhesabu rekodi za modeli ya Mauzo, hugoma kwa kosa la SynchronousOnlyOperation, maana Jupyter tayari inaendesha kitanzi cha async (kinachopokezana kazi nyingi), na Django hukataa kugusa hifadhidata kwa njia ya kawaida humo. Kuzima ukaguzi huo, seli ya kwanza iwe:

import os
os.environ["DJANGO_ALLOW_ASYNC_UNSAFE"] = "true"

Kwenye seva inayohudumia wateja, usithubutu kuweka hiyo! Ukigusa models.py, washa keneli upya. Umeme ukikatika, daftari lililohifadhiwa hubaki, ila vigeu vyote vimekwenda.