Mwezi mmoja farasi wangu alipokuwa mpangaji

Mume wangu alishapiga hesabu zake. Banda letu hapa Ngong lina vyumba vinne, farasi tunao wawili, na kuna watu wanatafuta pa kuweka wao. Nikamwambia ngoja kwanza mimi niwe mteja. Julai yote nikampeleka jike wangu, mstaafu wa mbio za Ngong Racecourse, akatunzwe nyumbani kwa mtu. Jina la hapo silitaji. Ada yake kwa mwezi inazidi kodi ya chumba na sebule Rongai.

Kula alikula. Nyasi ni Boma Rhodes safi, isiyo na ukungu, na mnyama wa kilo 450 anayetaka kama kilo 9 kwa siku alirudi hajakonda. Maranda ya kulalia yalibadilishwa kila asubuhi, na milango ikafungwa kabla ya magharibi, usubi wa kuambukiza ugonjwa wa farasi haujaamka. Saisi wao, yaani mtunza farasi, ni mzee mmoja wa taratibu. Nilimwona akiinua kwato ya nyuma, akainusa kwanza, ndipo akaichokoa. "Ikianza kuoza, mama, pua hujua kabla ya jicho." Huyo peke yake nampa nyota tano.

Shida ni kwamba Jumapili mzee huenda kwao. Jumapili ya pili nilifika saa nane mchana nikakuta ndoo imelala ubavu, kavu, jike wangu analamba ukuta. Nyasi kavu bila maji ndiyo tumbo kusokota, na farasi hawezi kutapika. Stoo nako, kopo moja lilichota pumba za farasi na chakula cha kuku. Cha kuku huenda kikawa na monensini, dawa ya kuku, na hiyo kwa farasi ni sumu. Nilipomwambia mwenye nyumba hakununa. Jioni ile ile alinunua kopo jingine, akaliandika kwa rangi nyekundu.

Ila huyo mama mwenye nyumba ndiye aliyenipa mawazo. Chai moja tu tuliyokunywa pamoja, simu ililia mara nne: huyu mvulie blanketi, yule mbona amekohoa. Kuna mteja huja saa tatu usiku na watoto na karoti. Siku moja farasi wa mtu alisokotwa tumbo, mama akamzungusha uani hadi daktari alipofika saa tisa usiku. Mwenye farasi alikuwa Mombasa, simu imezimwa. Bili aliilipa mama, na hadi leo hajarudishiwa, maana hawakuandikiana kitu.

Huduma naipa nyota tatu na nusu, nusu nyingine imeliwa na Jumapili. Kwetu tutapokea farasi mmoja, wa jirani wa nyuma ninayeweza kumwita nikiwa hapa kwenye michongoma, na pesa ya daktari ataiweka mapema, kwa maandishi. Chumba cha nne nimemwambia mume wangu aweke nyasi.